Kuzalisha umeme si ishu, ishu ni kuufikisha

Kuna mashindano ya roboti ya vijana yanaitwa FIRST Global Challenge, kila nchi timu moja, watoto wa miaka 14 mpaka 18, na kila mwaka yanahamia mji mwingine na mada nyingine. Yalianza 2017 Washington, mada maji safi. 2018 Mexico City, nishati. 2019 Dubai, bahari, halafu korona ikaingia kila mtu akachezea kwao, 2022 yakarudi uwanjani Geneva mada kunasa hewa ya ukaa, 2023 Singapore haidrojeni, 2024 Athens chakula, 2025 Panama mambo ya viumbe na mazingira. Mi leo naongelea mbili tu hapo, ya Mexico na ya Singapore, maana hizo ndo zinagusa ugali wangu. Mi ni fundi sola, nipo Arusha, nafunga paneli hapa mjini na huko Longido na Monduli kwenye maboma ambako nguzo hazijafika, na Jumamosi nikiwa sina kazi nakaa na klabu ya roboti ya wanafunzi wa sekondari. Wananiita fundi, hakuna cha mwalimu wala nini, na kusema kweli kwenye programu wengine wameshaniacha mbali ila kwenye waya bado wananihitaji.

Tunachofanya sana ni kuangalia mechi za zamani YouTube, maana zote zinarushwa, tunasimamisha video, tunabishana, tunarudisha nyuma, alaf wanaenda kujaribu kuunda kitu kinachofanana kwa plaiwudi na mota za kuunga-unga. Ni kwenye kubishana huko ndo nikaanza kuona kwamba ule mchezo wa 2018 ulikuwa na akili kuliko watu walivyouchukulia, na ule wa 2023 ambao ulipigiwa kelele sana za haidrojeni, kwa sisi wa huku una kasoro yake, ingawa kuna binti mmoja kwenye klabu hakubaliani na mimi kabisa na ntafika huko.

Kwanza niwape picha ya mashindano yenyewe. Mwanzilishi ni Dean Kamen, yule Mmarekani aliyebuni Segway, kile kigari cha matairi mawili cha kusimama. Huyu tangu 1989 ana taasisi yake ya FIRST kule New Hampshire ya kuwafanya watoto wapende sayansi kama wanavyopenda mpira, na hii Global ndo ikaja baadaye kwa ajili ya dunia nzima. Mechi ni dakika mbili na nusu tu. Nchi tatu upande huu, nchi tatu upande ule, na hao wenzako hujawachagua, umepangiwa, mechi hii uko na Fiji na Ureno, mechi inayofuata Ureno yuko upande wa pili anakukaba. Kwa hiyo ukimdharau mtu saa nne asubuhi, saa sita unamhitaji. Nchi zote zinatumiwa vifaa vya aina moja, mota zilezile, kontrola ileile, betri ileile ya volti 12, mtoto wa Ujerumani na mtoto wa Chad wanafungua boksi linalofanana. Hiyo naipenda sana. Haina maana wanalingana, kwa sababu mmoja ana karakana yenye mashine ya kukata alumini nyuma ya darasa na mwingine ana bisibisi moja na msumeno wa kuazima, ila angalau hakuna anayeshinda kwa kununua mota kali zaidi.

Sasa ya Mexico City, Agosti 2018. Mchezo uliitwa Energy Impact. Roboti zilikuwa na kazi tatu kubwa: kupeleka mafuta kwenye mitambo ya kuzalisha umeme (mafuta yenyewe ni vitu vya kubeba uwanjani), kuwasha vyanzo vya nishati jadidifu kama upepo na jua, na ya tatu, hii ndo watu wanaipita haraka wakati mi kila nikiiona nasimamisha video, ni kujenga mtandao wa kusafirisha huo umeme, mtandao imara usiopoteza ovyo. Na kwenye hiyo ya tatu pande mbili zinazoshindana zilitakiwa zishirikiane. Yani uzalishe utakavyo lakini laini ya kusafirisha mnajenga wote, adui na rafiki.

Vijana wangu mara ya kwanza walipoona hivyo wakacheka, dogo mmoja akasema fundi hii ya waya ni ya kuongezea tu, pointi za kweli ziko kwenye kuzalisha. Nikawaambia subirini.

Maana angalia kilichokuwa kinatokea mwezi huohuo, Agosti 2018, hapa kwa jirani zetu Kenya. Kule Loiyangalani, upande wa Ziwa Turkana ila kaunti ni Marsabit, kulikuwa na mapangaboi ya upepo 365. Mia tatu sitini na tano, moja kwa kila siku ya mwaka, kila moja kilowati 850, jumla megawati 310. Yalishasimikwa tangu 2017. Upepo wa pale haulali. Na hayakuwa yanampa mtu hata balbu moja, kwa sababu laini ya kuutoa umeme pale mpaka kituo cha umeme cha Suswa, zaidi ya kilomita 400, ilikuwa haijaisha, mkandarasi wa Kihispania alifilisika kazi ikiwa katikati, serikali ikatafuta wengine, na wakati huo wote mkataba unasema umeme uwe umefika au haujafika lazima kuna hela inalipwa. Mabilioni ya shilingi za Kenya. Laini ikaja kuwaka Septemba 2018, mwezi mmoja baada ya wale watoto kumaliza mchezo wao Mexico, na ufunguzi rasmi ukaja Julai 2019. Kwa hiyo watoto kutoka zaidi ya nchi 150 walikuwa uwanjani wanajifunza kwa roboti kwamba mtambo bila laini ni mapambo, na hapo Marsabit somo lilelile lilikuwa linazunguka kwenye upepo bure.

Nilipowasimulia hivyo wakanyamaza kidogo ila sio kwamba waliamini. Watoto wa sa hivi hawaamini stori, wanaamini kitu wakikishika. Na walikuja kukishika wenyewe.

Ilikuwa hivi. Roboti yao ya mazoezi ilikuwa na tabia ya kujizima kila ikijaribu kupanda ubao wa mteremko. Kwenye sakafu inakimbia vizuri, ikifika kwenye mteremko mota zinanguruma, taa ya kontrola inakata, roboti inakufa, alaf inajiwasha upya yenyewe. Wakasema programu. Wakakaa na programu mchana mzima, wanapunguza spidi, wanaongeza sekunde za kusubiri, wanafuta, wanaandika upya, mi nimekaa pembeni nakunywa chai, sijasema kitu. Walikuwa hawatumii betri yake ndogo kwa sababu inaisha haraka na chaja ni moja, kwa hiyo walichukua betri yangu kubwa ya sola wakaiweka mezani wakavuta waya mpaka kwenye roboti, kama mita tatu. Waya wenyewe ule mwembamba wa spika, wa rangi mbili nyekundu na nyeusi, walioukuta kwenye kabati.

Nikawaambia haya, shikeni mita. Pimeni betri kule mezani roboti ikiwa inasukuma. Volti 12.3. Safi, betri nzima. Sasa pimeni mwisho wa waya, pale unapoingia kwenye roboti, roboti ikiwa inasukuma vilevile. 9 na kitu. Wakaangaliana. Yule binti niliyewaambia akasema rudia, wakarudia, 9 na kitu. Volti tatu zimepotelea njiani kwenye mita tatu za waya! Nikamwambia dogo wa programu shika huo waya. Akaushika akauachia hapohapo, wa moto.

Hapo sikuhitaji kuhubiri. Walienda ubaoni wenyewe wakapiga hesabu, na hesabu yake ni rahisi, fizikia ya kidato cha pili: waya mwembamba wa nusu milimita za mraba, urefu wa kwenda na kurudi mita sita, ukinzani wake ni kama 0.2 ya omu. Mota zikisukuma kwa nguvu zinavuta ampea kama 15. Kumi na tano mara 0.2, volti 3. Na hizo volti 3 mara ampea 15 ni wati 45 zinageuka joto kwenye waya, zaidi ya balbu nne zile za LED za wati kumi, unawasha waya badala ya roboti. Wakatoa waya wa spika, nikawapa waya wangu wa sola wa milimita 6 za mraba, urefu uleule, wakapima tena, zilizopotea hazikufika hata nusu volti. Roboti ikapanda. Programu ya mwanzo, ile waliyoifuta, ndo ilikuwa sawa.

Alaf likaja swali ambalo nilikuwa nalisubiri, likatoka kwa binti huyohuyo: kwa nini tusipandishe volti? Nikamuuliza kwa nini unataka hivyo. Akasema kama nguvu ni ileile na volti zikiwa nyingi, ampea zinapungua, na kinachokula ni ampea. Akachora. Aisee nilitamani kumkumbatia. Hiyo ndo sababu yote ya zile nguzo kubwa za chuma unazoziona ukitoka Arusha kwenda Namanga, zile ni kilovolti 400, laini ya kutoka Isinya Kenya inaingia kwetu inashuka mpaka Singida. Na hasara inashuka haraka kuliko watu wanavyodhani, maana ukizidisha volti mara mbili ampea zinakuwa nusu na joto kwenye waya linakuwa robo. Hakuna maajabu mengine kwenye gridi, ni hesabu ya yule binti kwa vipimo vikubwa.

Na kwa sisi wa kaskazini hii si hesabu ya darasani. Mnakumbuka Machi 2025 Rais Samia akiwa Kilimanjaro akasema kanda ya kaskazini itachukua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya, jinsi watu walivyochachamaa? Mitandaoni kulikuwa hakukaliki. Tumejenga bwawa la Mwalimu Nyerere pale Rufiji, megawati 2,115, mitambo tisa, wa kwanza uliwaka Februari 2024, tukaambiwa sasa umeme umejaa mpaka wa kuuza, alaf tununue kwa Wahabeshi? Kijiweni nilikuwa mimi peke yangu nasema jamani ngojeni. Kwa sababu Rufiji ni kusini mashariki na Arusha ni kaskazini, umeme unasafiri mamia ya kilomita, njiani unaliwa, na hasara iliyotajwa ni karibu shilingi bilioni 32 kwa mwaka. Laini ya Ethiopia yenyewe ina urefu wa zaidi ya kilomita 1,000, inaingia Kenya inatua Suswa, ndiyo, Suswa ileile ya laini ya Turkana, ila ile ni ya kilovolti 500 na ni ya mkondo mnyoofu (DC, kama wa betri), ambayo kwa masafa marefu hivyo inapoteza kidogo. Unaweza kubishana kuhusu bei, unaweza kubishana kuhusu siasa za kutegemea majirani, mi mwenyewe hapo nina maswali yangu. Lakini ukisema "umeme tunao wa nini kununua" basi we unahesabu pointi za mtambo tu, hujahesabu za waya, sawasawa na yule dogo wa YouTube.

Ndo maana nasema mchezo wa 2018 ulikuwa na akili. Waliouandika wangeweza kuweka upepo na jua na makofi yakaishia hapo, inapendeza kwenye picha, mashirika yanafurahi. Wakaweka na laini. Wakaongeza na la kujenga laini pamoja na mpinzani wako, ambalo ukiliangalia kwa macho ya huku ndo habari yenyewe ya Ethiopia na Kenya na Tanzania kwenye waya mmoja, nchi ambazo kwenye mambo mengine zinavutana kila siku, mara mahindi yamezuiwa mpakani mara ndege.

Sasa twende Singapore.

Oktoba 2023, nchi zaidi ya 190, mchezo uliitwa Hydrogen Horizons. Roboti zinakimbizana na mipira ambayo mingine inasimama badala ya haidrojeni na mingine oksijeni. Kuangalia ni mtamu kuliko ule wa Mexico, hilo sibishi, unakwenda kasi, na timu zilikuwa zimekomaa. Na kwa Singapore mada ilikuwa na sababu zake: kile ni kisiwa kidogo, hakina mito ya bwawa wala sehemu ya kutandaza paneli za kutosha nchi nzima, umeme wao karibu asilimia 95 unatoka kwenye gesi asilia, na Oktoba 2022 walishatangaza mkakati wao wa haidrojeni kwamba kufika 2050 inaweza kubeba mpaka nusu ya umeme wanaohitaji. Ni bandari pia ambayo meli za dunia nzima zinajaza mafuta pale. Kwa hiyo mtu wa Singapore akiongea haidrojeni anaongea mambo yake ya nyumbani.

Ila mi fundi sola wa Longido nikiambiwa haidrojeni naomba kikokotoo kwanza. Kutengeneza kilo moja ya haidrojeni kwa kupasua maji kwa umeme unatumia kama kilowati-saa 50, na wengine wanazidi hapo. Ndani ya hiyo kilo unabaki na kama 33. Ukiirudisha kuwa umeme kwa seli za mafuta unapata kama nusu ya hizo 33, tuseme 17. Umeingiza 50 umetoka na 17! Ni kama kubadili shilingi kuwa dola alaf dola kuwa shilingi kwenye maduka mawili tofauti, kila dirisha linakukata chake, na hujanunua hata soda. Umeme huohuo ukiuweka kwenye betri za lithiamu unarudishiwa karibu asilimia 90. Vijana walipiga hesabu nyingine ya kuchekesha: betri ya roboti ni volti 12 kwa ampea-saa 3, yani wati-saa 36, kwa hiyo umeme wa kutengeneza kilo moja ya haidrojeni ungejaza betri kama 1,400 za roboti. Dogo akasema basi tungecheza mechi mpaka tunaoa.

Kwa hiyo msimamo wangu ulikuwa huo, haidrojeni ni ya matajiri wasio na jua, sisi tuna jua, tufunge paneli na betri na tuvute waya, habari imeisha. Na ile haidrojeni nyingi inayotumika duniani leo wala siyo safi, inatolewa kwenye gesi asilia na hewa ya ukaa inaachiwa juu, hilo nalo kwenye mechi halionekani, mpira ni mpira.

Binti akaninyooshea kidole. Akasema fundi we unaifikiria kama betri tu. Baba yake analima Karatu, vitunguu na mahindi, na analalamikia kitu kimoja mwaka mzima, bei ya mbolea. Akauliza urea inatengenezwa na nini. Nikajua amenikamata. Mbolea za naitrojeni zinaanza na amonia, na amonia ni naitrojeni ya hewani ikaungwa na haidrojeni, na hiyo haidrojeni inatoka kwenye gesi, ndo maana vita ya Ukraine ilivyoanza 2022 bei ya gesi ikapaa na mfuko wa mbolea ukapaa nao, mtu wa Karatu analipia gesi ambayo hajawahi kuiona. Akasema sasa kama una umeme usiku na hakuna anayeutumia, na laini haipo ya kuupeleka mbali, si utengenezee mbolea palepale, mbolea inabebwa na lori, haihitaji kilovolti 400.

Nimefikiria hilo sana. Kwa sababu Kenya walizindua mkakati wao wa haidrojeni ya kijani Septemba 2023, kwenye ule mkutano wa tabianchi wa Afrika pale Nairobi, mwezi mmoja tu kabla ya mashindano ya Singapore, na kitu walichokiweka mbele ni hichohicho, mbolea. Wana mvuke wa ardhini Olkaria unaotoa umeme usiku na mchana, saa nane usiku watu wamelala na mvuke unapanda tu. Hapo hesabu yangu ya 50 kuwa 17 haina kazi, kwa maana hakuna anayerudisha kuwa umeme. Kwa hiyo nimempa nusu. Nusu nyingine bado yangu: kwenye mchezo wa Singapore sikuona popote mbolea wala shamba, niliona gesi inazungushwa uwanjani, na mtoto anayeangalia kutoka Kasulu au Kisangani anaweza kuondoka akidhani tiba ya giza la kijijini kwao ni tenki la haidrojeni. Siyo. Ni paneli, betri, na waya mnene.

Kuna mengine yananikera kwenye haya mashindano na hayahusiani na umeme. Kufika kwenyewe. Vifaa mnatumiwa, sawa, ila tiketi za watu sita saba kwenda bara lingine, viza, bima, nani analipa? 2017 timu ya wasichana wa Afghanistan kutoka Herat walisafiri zaidi ya kilomita 800 kwenda ubalozi wa Marekani Kabul, mara mbili, na mara mbili wakanyimwa viza, mpaka Ikulu ya Marekani ikaingilia dakika za mwisho, na vijana wa Gambia nao walinyimwa kabla ya kuruhusiwa. Mwaka huohuo vijana sita wa hapa jirani Burundi mashindano yalipoisha hawakuonekana, baadaye ikasemekana wawili walivuka kuingia Canada. Watu walihukumu sana. Mi nilikuwa nafikiria tu hali ya Burundi ya wakati ule na umri wa wale watoto. Mashindano yanasema dunia moja, ila mlango wa hiyo dunia una mlinzi na kila pasi ya kusafiria ina bei yake. Kwa upande mwingine wana timu ya vijana wakimbizi inaitwa Team Hope, tangu mwaka ule wa kwanza, wanacheza bila bendera ya nchi, na hilo nawapa heshima.

Na hawa wa klabu yetu wasidhani nawaandaa kwenda Singapore au wapi. Timu ni moja kwa nchi nzima, ni watoto wachache mno. Nawaambia wazi. Wanasema sawa fundi, alaf wanaendelea.

Sa hivi wamekuja na mchezo wao wenyewe. Wamechora uwanja kwa chaki kwenye sakafu ya bwalo, upande mmoja kuna paneli yangu ya wati 100 iliyoning'inia dirishani na betri, upande wa pili kuna boksi wameliandika KIJIJI lina balbu, feni ndogo na kichaji cha simu. Katikati roboti mbili za timu mbili tofauti zinatakiwa kukokota vipande vya waya na kuviunganisha, waya wengine mnene mzito kuukokota, mwingine mwembamba mwepesi, unachagua. Muda dakika mbili na nusu, hilo wameiba. Pointi hazihesabiwi kwenye paneli, zinahesabiwa kwa mita upande wa KIJIJI, volti zilizofika. Kazi kubwa imekuwa viungio, roboti yenye mkono wa plastiki ikibana terminali haibani vizuri, kiungio kinalegea, cheche kidogo, volti zinashuka, ikabidi watumie zile klipu za betri ya gari za kuuma zenyewe, wamezinunua pale soko la Kilombero hapa Arusha. Fyuzi niliweka mimi kwa lazima, ya ampea 20, na mtu yeyote asiiguse.

Ugomvi uliopo ni wa sheria moja. Binti anataka waya ukipata moto timu zote mbili zikatwe pointi, hata ile ambayo haikuuweka, kwa sababu laini ni ya wote. Wale wa roboti yenye mbio, ambao kila siku wanachagua waya mwembamba ili wawahi, wanasema huo ni uonevu, kila mtu abebe mzigo wake. Wamebishana mpaka mlinzi akaja kufunga bwalo. Jumamosi wanapiga kura, mi nimeshaambiwa sina kura, kazi yangu ni kuleta kile kipimajoto cha kupima kwa mbali na kunyamaza.